Kuweka Windows Upya Bila Kupoteza Programu

Siku hizi shule nyingi zina kompyuta, na kompyuta, kama vile baiskeli au taa ya karabai, huharibika hata ikitunzwa. Katika magonjwa yake mengi liko moja ambalo nataka kulieleza kwa wasomaji wa gazeti letu, nalo ni kuharibika kwa mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuzitumikia programu nyingine zote. Katika shule zetu aghalabu ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Dalili za ugonjwa huu bila shaka mmekwisha kuziona: mashine huwaka vizuri lakini orodha ya programu haifunguki ukiibonyeza, masasisho hukataa kuingia kila mara, printa iliyofanya kazi jana leo haionekani, au skrini hugeuka buluu ghafula na kutoa maneno yasiyoeleweka.

Ukiipeleka mashine ya namna hiyo kwa fundi, mara nyingi jibu lake ni moja tu: "Tufute yote, tuweke Windows mpya." Yeye huiona ni kazi fupi, naye husema kweli. Lakini kwa mwenye mashine kazi ndiyo kwanza inaanza, maana programu zake zote zimekwenda pamoja na ile Windows mbovu. Nataka kuonyesha kwamba iko njia ya kuondoa Windows mbovu na kuweka nzima mahali pake, na programu zikabaki. Njia hii si siri wala si ujanja; Microsoft wenyewe ndio walioiweka. Ila ina sharti moja kubwa, na watu wengi hulijua sharti hilo wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Kwanza hatuna budi kufahamu kwa nini programu hupotea. Mwenzangu mmoja wa darasani aliniuliza, "Kwa nini nisinakili folda ya programu katika flashi, kisha niirudishe baadaye?" Swali hili ni la haki, kwa kuwa ndivyo tufanyavyo kwa barua, picha na nyimbo. Barua ni kama viazi vilivyokwisha kuvunwa: vitie guniani, vipeleke utakako, ni viazi vile vile. Programu ni kama mti uliosimama shambani. Sehemu unayoiona, yaani ile folda iliyomo ndani ya Program Files, ni shina na matawi. Mizizi imekwenda mbali chini ya ardhi.

Mizizi iliyo mingi imo katika rejista ya Windows. Rejista ni daftari kuu la mashine. Humo huandikwa kila programu iko wapi, hufungua mafaili ya namna gani, nambari yake ya kibali ni ipi, ni huduma zipi zianze mashine inapoamka, na mambo mengine maelfu kwa maelfu. Daftari hili si faili moja. Sehemu zake kubwa, kama zile ziitwazo SYSTEM na SOFTWARE, zimo katika folda C:\Windows\System32\config, na kila mtumiaji ana sehemu yake mwenyewe katika faili liitwalo NTUSER.DAT. Zaidi ya hayo, programu nyingi huweka vitu vyao katika folda iliyofichwa iitwayo ProgramData, na nyingine hutegemea mafaili yenye mwisho wa .dll ambayo hutumiwa na programu kadhaa kwa pamoja. Basi fundi akifuta Windows, amefuta na daftari. Ukirudisha folda ya programu pasipo daftari, programu chache ndogo zitafunguka, lakini zilizo nyingi zitasema hazijawekwa, au zitadai kibali upya, au zitanyamaza kimya.

Ziko njia tatu za kuweka Windows upya, na watu huzichanganya kwa kuwa zote huitwa kwa jina moja. Ya kwanza ni ile ya fundi: kuiamsha mashine kwa flashi, kuifuta diski, kuanza mwanzo. Hapo hakibaki kitu. Ya pili imo ndani ya Windows yenyewe, katika Mipangilio, nayo ni kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo. Hii huwadanganya wengi. Hukuuliza kama wataka kuhifadhi mafaili yako, nawe ukijibu ndiyo huenda ukadhani umesalimika. Mafaili yako yatabaki kweli, lakini programu ulizoweka mwenyewe zitaondolewa, na mwisho wa kazi utaachiwa juu ya dawati la skrini orodha ya programu zilizotolewa, kama vile hati ya mazishi. Njia ya tatu ndiyo ninayoieleza hapa: kuweka Windows juu ya Windows, ambayo mafundi huiita matengenezo. Katika njia hii mafaili ya mfumo hutolewa na kuwekwa mengine mapya, bali mafaili yako, programu zako na mipangilio yako iliyo mingi huhamishiwa ndani ya Windows mpya pamoja na mizizi yake.

Sasa lile sharti. Kazi hii huanzishwa kutoka ndani ya Windows ile ile iliyo mgonjwa, ikiwa imewaka, nawe umeingia kwa akaunti ya msimamizi. Ukiiamsha mashine kwa flashi, yaani kutoka nje, njia ya kuhifadhi programu haipatikani. Zamani haikuwa hivyo. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliweza kutengenezwa kwa kuamshwa kutoka katika CD, na wazee wa kazi hii hukumbuka kwamba walibonyeza herufi R, mambo yakaendelea. Ilipotoka Windows Vista kwa watu wote mwezi wa Januari 2007, namna ya kuweka Windows ilibadilishwa, na tangu hapo kazi hii yaanzia ndani. Kwa hiyo mashine ambayo bado inafunguka, hata ikiwa yajikokota na kulalamika, ina tumaini. Ile isiyofunguka kabisa hapana budi ifufuliwe kwanza. Flashi ya Windows ina vyombo vya kurekebisha mwanzo wa mashine, na pengine iko nukta ya kurejea iliyohifadhiwa zamani. Hivyo vikiweza kuifikisha katika dawati la skrini, basi njia imefunguka. Visipoweza, programu zimekwenda. Ndiyo sababu sipendi kuwasikia watu wakisema, "Itavumilia mpaka mwisho wa muhula."

Nitawapa mfano wa shule yetu. Maktaba ina kompyuta moja iliyoletwa kwa msaada kutoka Uingereza, yenye Windows 10. Ndani yake imo programu ya orodha ya vitabu na ya watu walioazima, na mwalimu wa maktaba amekuwa akiijaza kwa muda wa miaka mitatu. CD ya programu hiyo haipo, na duka lililoiuza limekwisha kufungwa. Mashine ilipoanza kuugua, fundi wa mjini aliitazama akasema, "Mwalimu, dawa ni kufuta." Mwalimu akamjibu, "Fundi, ukifuta, nitajuaje ni nani mwenye vitabu vyangu?" Watahiniwa walikuwa na vitabu vingi mikononi, na daftari la karatasi lilikwisha kuachwa tangu kompyuta ilipokuja. Fundi alikuwa mwungwana. Alisema hatagusa kitu mpaka mwalimu apate shauri jingine. Mwalimu akatuita sisi wa chama cha kompyuta.

Hatukukimbilia kuweka Windows. Kwanza tulinakili barua zote, pamoja na folda ya ile programu na sehemu yake ya ProgramData, katika diski ya nje. Nimesema kwamba nakala hiyo haitoshi kuifufua programu, lakini orodha yenyewe ya vitabu ni data, na data ikiwa salama mtu hulala usingizi. Kisha tukajaribu dawa ndogo. Windows ina amri mbili za kujikagua, ambazo huandikwa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi. Huanza hii:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hiyo hutengeneza ghala ambamo Windows huweka nakala nzima za mafaili yake. Ikimaliza hufuata hii:

sfc /scannow

Hii ya pili hukagua mafaili ya mfumo moja moja na kubadilisha yaliyoharibika kwa kuyachukua katika lile ghala. Ndiyo maana ni vyema ghala litengenezwe kwanza. Ghala bovu litatoa mafaili mabovu. Mashine nyingi hupona hapa hapa, na hakuna haja ya kwenda mbele. Yetu haikupona. Tukakagua pia kama diski yenyewe ni nzima, maana diski inayokufa haitibiwi kwa Windows mpya. Diski ikitoa sauti ya kugongagonga, au mafaili yakikataa kunakiliwa, kazi ni kuokoa data upesi na kununua diski nyingine.

Jambo linalowashinda wengi ni kuchagua Windows ya kuweka. Huja katika faili moja kubwa lenye mwisho wa .iso, yaani diski nzima iliyofungwa ndani ya faili, nalo hupatikana katika tovuti ya Microsoft bila malipo. Lakini si kila faili hufaa kila mashine. Toleo lazima lilingane na lililomo: mwenye Home aweke Home, mwenye Pro aweke Pro. Mashine ya biti 64 hutaka Windows ya biti 64. Nambari ya Windows mpya iwe sawa na ya ile iliyomo au iipite, wala isiwe ya nyuma. Nambari hiyo utaiona ukiandika winver katika kisanduku cha kutafutia. Tena lugha iwe ile ile. Hapa ndipo penye mtego, kwa kuwa Kiingereza ni viwili: kimoja cha Marekani na kingine cha Uingereza, ambacho Microsoft hukiita cha kimataifa. Kwa macho ya binadamu ni lugha moja. Kwa Windows ni lugha mbili, na ukiweka kimoja juu ya kingine programu hazitahifadhiwa. Rafiki wa shule ya jirani alituazima faili lake. Tulipoiuliza mashine yetu kwa amri hii

dism /online /get-intl

ilijibu kwamba lugha yake ya asili ni en-GB, na faili la rafiki lilikuwa en-US. Kwa kuwa kompyuta nyingi za msaada katika nchi zetu zimetoka Uingereza, nadhani mtego huu umekwisha kuwanasa watu wengi ambao hawakujua umetoka wapi. Ikabidi tupakue faili jingine, kwa intaneti ya ofisi, usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Faili kama hilo lapata GB 5 au zaidi, kwa hiyo flashi ya GB 8 hulichukua.

Matayarisho mengine ni madogo. Diski iwe na nafasi isiyopungua GB 20, na ikizidi ni bora. Kinga ya virusi iliyotoka kampuni nyingine iondolewe kwa muda, kwa maana huweza kuidhania kazi hii kuwa ni uvamizi. Vitu vyote vilivyochomekwa vitolewe, isipokuwa kibodi na kipanya. Mashine ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker isimamishwe ulinzi huo kwanza, na ule ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 uandikwe katika karatasi, usiandikwe ndani ya mashine ile ile. Tena angalieni umeme. Windows hujitahidi kurudi ilikotoka ikikatizwa, lakini mimi nisingependa kuijaribu tabia yake hiyo kwa orodha ya maktaba. Tulingoja siku ambayo jenereta la shule lilikuwa na mafuta.

Kazi yenyewe baada ya hayo ni nyepesi kuliko matayarisho. Ukibonyeza mara mbili faili la .iso, Windows hulifungua kama diski. Ndani yake mna faili la setup.exe, lianzishe. Itakuuliza kama wataka kupakua masasisho. Mwenye intaneti ya kupima ajibu kwamba si sasa. Utakubali masharti, kisha itafika skrini ambayo ndiyo kiini cha yote, inayouliza ni vitu gani vihifadhiwe. Majibu ni matatu: mafaili ya binafsi pamoja na programu, mafaili ya binafsi peke yake, au usihifadhiwe hata kimoja. Chagua la kwanza. Ikiwa la kwanza limefifia na halikubali kubonyezwa, toka hapo, usiendelee hata kidogo, wala usichague la pili kwa kuchoka. Kufifia huko maana yake toleo, lugha au nambari hailingani, na mpaka hapo mashine haijabadilishwa.

Ukiisha kukubali, ondoka ukafanye shughuli nyingine. Mashine itapitia hatua nne. Katika ya kwanza Windows ya zamani bado iko kazini, huku mpya ikikaguliwa na kuwekwa tayari kando katika folda iliyofichwa. Kisha mashine hujizima na kuamka ndani ya Windows ndogo ya muda, na ndiyo inayoihamisha ile ya zamani katika folda iitwayo Windows.old na kuisimamisha mpya mahali pake. Katika hatua ya tatu Windows mpya huamka kwa mara ya kwanza, ikavitambua vyombo vya mashine na kupokea habari za daftari la zamani; na katika ya nne hukamilisha akaunti na programu za watumiaji. Ni kama kuezeka upya nyumba wenyeji wakiwa ndani. Asilimia zinazoonyeshwa katika skrini hukaa pamoja kwa muda mrefu, kisha zikaruka. Mtu asidhani imekwama akaizima. Mashine yetu, yenye diski ya kuzunguka ya namna ya zamani, ilianza baada ya chakula cha mchana na kumaliza karibu na magharibi. Yenye diski ya kisasa ya SSD huenda upesi zaidi.

Mwalimu wa maktaba aliweka nywila yake ile ile, akaifungua programu yake, na majina ya walioazima yalikuwapo yote. Kibali cha Windows nacho hakikudaiwa, kwa kuwa Microsoft hukitambua kwa vyombo vya mashine yenyewe. Lakini msidhani kila kitu hurudi kilivyokuwa. Nukta za kurejea zilizohifadhiwa zamani hufutika. Baadhi ya mipangilio hurudi ya kiwandani. Sisi ilitubidi tuiweke printa upya. Masasisho yaliyotoka baada ya lile faili kutengenezwa hayana budi kuingizwa tena. Ile folda ya Windows.old hukaa siku 10, kisha mashine huifuta yenyewe, kwa hiyo mtu ahakikishe mapema kwamba hakuna alichokisahau humo.

Yako mashaka ambayo njia hii haiyafai, nami nayataja kwa sababu nimeona watu wakiipenda kupita kiasi. Kwa kuwa huhifadhi programu zote, huhifadhi na mbaya. Virusi vilivyojificha kama programu vitahamia pamoja na nyingine katika nyumba mpya. Mashine iliyoingiwa na adui wa namna hiyo yastahili kufutwa kabisa, baada ya kuokoa barua na data, na hapo fundi wa mjini ndiye mwenye haki. Hali kadhalika, ikiwa ugonjwa watoka katika programu moja mbovu, itoe hiyo. Ukiihifadhi utakuwa umelihamisha tatizo tu.

Jambo la mwisho ni la wakati. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Matengenezo niliyoyaeleza bado hufanya kazi juu yake, lakini yataiponya mashine pasipo kuikinga na mashimo mapya ya usalama. Ndiyo sababu ile ya maktaba sasa haiunganishwi na intaneti, nayo yaendelea na orodha yake ya vitabu. Wenye Windows 11 wamerahisishiwa. Tangu mwaka 2024, katika toleo la 22H2 na yaliyofuata, imo katika Mipangilio, sehemu ya urejeshaji, njia ya kuweka Windows upya kwa kupitia masasisho, ambayo huhifadhi programu, mafaili na mipangilio bila kutafuta faili la .iso wala kulinganisha lugha. Ila hupakua Windows yote kwa intaneti, tena kwa kila mashine peke yake. Shule inayonunua intaneti kwa kipimo yafaa ishike njia ya flashi, maana faili moja la .iso huweza kutibu mashine zote za chumba kimoja, ilimradi toleo na lugha zake zinalingana.